Chipsi mayai, chapati, wali wa nazi: kipi kipikwe kwa mafuta kidogo, kipi kiachwe kilivyo

Daktari akishasema "punguza mafuta", nyumba nyingi hukimbilia kuchemsha. Kuku wa kuchemsha, viazi vya kuchemsha, mchicha wa maji na chumvi. Baada ya siku chache watoto wanasusa, baba anapitia kwa muuza chipsi kabla hajafika nyumbani, na mpango wote unafia hapo. Vyakula tuvipendavyo havistahili adhabu hiyo, na wala afya haiidai.

Hapa nalinganisha upishi uliozoeleka na upishi mwepesi wa vyakula vile vile, ili uchague mwenyewe. Msimamo wangu ni huu: kabla hujapunguza mafuta kwenye chakula chochote, jiulize yanafanya kazi gani mle. Kuna mahali yanabeba harufu ya viungo. Kuna mahali yanakausha ngozi ya nje mpaka ilie ukitafuna. Na kuna mahali yapo tu ili chakula kisishike chini. Kazi ya kwanza inahitaji mafuta kidogo sana. Ya tatu karibu haihitaji kitu, ukiwa na kikaango kizuri. Ya pili ndiyo yenye ubishi, na ndiyo inayoamua chakula kipi kinakubali kubadilishwa na kipi kinakataa.

Kwa nini tuanze na mafuta na si wanga? Kwa sababu gramu 1 ya mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au samli, ina kilokalori 9, wakati gramu 1 ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kilokalori 120. Vijiko viwili vinavyomiminwa bila kupimwa vinakaribia sahani ndogo ya wali, na tumbo halivihesabu kama chakula.

Chipsi mayai: za bandani au za nyumbani

Zege, yaani chipsi mayai, ni chakula cha kweli cha mjini. Ni cha moto, kinashibisha, kinapatikana usiku, na yule kijana wa bandani anakipika mbele ya macho yako. Sina nia ya kukusimanga kwa kukipenda.

Tuangalie kilichomo. Viazi vya kukaanga kwa mafuta mengi vina takriban kilokalori 300 kwa kila gramu 100, ilhali viazi vilivyochemshwa vina kama 87. Sahani ya gramu 200 za chipsi, mayai mawili yenye kama 150, na vijiko viwili vya mafuta ya kukaangia mayai, inafika karibu 1,000. Na viazi vile vinakaangwa mara mbili: kwanza kwenye karai, kisha tena kwenye kikaango pamoja na mayai. Juu ya hapo kuna hali ya mafuta yenyewe. Mafuta yanayochemka tangu asubuhi hadi usiku, na kesho yakaongezewa mapya juu ya ya jana, huharibika: yanakuwa meusi, yanatoa povu, yanaanza kufuka moshi mapema, na harufu yake inaingia kwenye viazi. Ukiona karai lina povu linalokataa kutulia, nenda banda la pili.

Za nyumbani zinafanyika hivi. Menya viazi gramu 300 kwa mtu mmoja mwenye njaa, kata vipande vya unene wa kidole cha shahada, osha mpaka maji yawe safi bila ukungu, maana ule wanga wa juu ndio unaofanya vishikane. Chemsha dakika 6 kwenye maji yenye chumvi na kijiko cha siki. Siki si ya ladha. Inazuia viazi visivurugike vikiiva. Mwaga maji, kisha rudisha sufuria tupu motoni na viazi vyake kwa dakika moja ukiitikisa taratibu. Hapa ndipo kazi inapofanyika: mvuke unatoka, kingo za viazi zinachubuka na kuwa kama zimepakwa unga. Kingo hizo zilizochubuka ndizo zitakazokauka na kulia mdomoni. Changanya na kijiko kimoja cha mafuta, panga kwenye sinia la oveni bila kupandanisha, nyuzi joto 220 kwa dakika 30 hadi 35, ukigeuza mara moja. Toa vikiwa vya rangi ya dhahabu. Usingoje viwe kahawia iliyokolea, kwa sababu viazi vinavyoungua hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo ni busara kuipunguza.

Kisha mayai. Kikaango kisichoshika, kijiko cha chai cha mafuta, kitunguu, hoho, karoti iliyokwaruzwa ukitaka, halafu chipsi na mayai juu. Sahani hii inakuja kama kilokalori 540. Karibu nusu.

Ladha je? Chipsi za oveni si sawa na za karai zikiliwa peke yake na chumvi. Ngozi yake ni nyembamba na inalainika upesi. Lakini ndani ya mayai tofauti hiyo inapotea kabisa, kwa sababu mayai yenyewe hulainisha chipsi hata zile za bandani. Kwa hiyo kwenye zege, chagua za nyumbani bila kusitasita. Kachumbari ya kutosha yenye ndimu na pilipili mbuzi inafunga kazi. Kama unataka chipsi kavu na kuku, ukubali kwamba za karai ni bora zaidi, uzile kwa nadra, na uzifurahie.

Chapati: za kusukuma kwa mafuta, za kusukuma kwa brashi, au za maji

Chapati ndiyo inayowadanganya wengi, maana haionekani kama chakula cha kukaanga. Donge la gramu 80 za unga lina kama kilokalori 290. Mafuta yanaingia mara tatu: wakati wa kukanda, wakati wa kupaka kabla ya kukunja, na kwenye chuma. Yakijumlishwa yafike vijiko viwili kwa chapati moja, jambo ambalo si la ajabu kwa wapishi wengi, ni 240 nyingine. Umekula chapati moja na karibu ya pili bila kuiona.

Katika hatua zile tatu, ni moja tu inayotengeneza matabaka: ile ya kupaka kabla ya kukunja. Mafuta ya kukanda yanasaidia ulaini, lakini maji ya moto yanafanya kazi hiyo vilevile. Mafuta ya kwenye chuma yanaleta rangi, na rangi inataka brashi tu. Hivyo kanda kwa maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, donge liwe laini kidogo kuliko ulivyozoea, funika lipumzike nusu saa. Sukuma, paka kijiko cha chai kimoja, kunja na kuzungusha kama konokono, acha lipumzike tena dakika 10, sukuma. Choma kavu pande zote mbili mpaka madoa yatokee, ndipo upake nusu kijiko cha chai na kugeuza. Ikitoka tu, itie kwenye hotpoti iliyotandikwa kitambaa safi. Mvuke wa chapati zenyewe ndio unaozilainisha, na bila hatua hii zitakuwa ngumu na utailaumu njia yote. Chapati hii ina kama kilokalori 350 badala ya zaidi ya 500.

Unga usiokobolewa nao una watetezi wake. Nashauri nusu kwa nusu na unga mweupe, maji yaongezeke, na donge lipumzike dakika 40. Ujue tu kwamba nishati yake haipungui sana. Unachopata ni nyuzinyuzi, na unashiba kwa chapati chache. Chapati ya atta tupu, yaani unga huo usiokobolewa peke yake, bila mafuta ni chakula kizuri, ila mtoto aliyekulia chapati za bibi yake hatakubali kuwa ni kitu kile kile, na ana haki.

Chapati za maji zinadharauliwa bure. Uji wa unga, yai, chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogo, kikaango kisichoshika, matone ya mafuta. Hazina matabaka na hazidai kuwa nayo. Kwa asubuhi ya siku ya kazi ndizo ninazozipendekeza, kwa sababu zinaiva haraka na mafuta yake hayafiki nusu kijiko.

Wali wa nazi: tui zito lote au tui kwa zamu

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wa pwani tunapokata tamaa mapema zaidi. Mafuta ya nazi ni karibu asilimia 90 mafuta ya aina iliyoshiba, ile ambayo wataalamu wa moyo wanataka ipungue. Mtu akisikia hivyo anaacha nazi moja kwa moja, anapika wali mweupe, na jioni inakuwa ya huzuni. Wengine wanahamia wali wa mafuta na vitunguu, ambao ukipikwa kwa mkono mzito hauna nafuu yoyote.

Jibu liko kwenye utaratibu wa zamani wa kukamua. Ikune nazi kwenye mbuzi, tia maji ya uvuguvugu nusu kikombe, fikicha kwa mkono, kamua kwenye kifumbu au chujio la kitambaa. Hilo ni tui la kwanza, zito, linalong'ang'ania kidole. Rudia machicha kwa maji vikombe viwili, upate tui la pili, jepesi, jeupe kama maziwa yaliyoongezwa maji. Mafuta mengi yamo kwenye lile la kwanza.

Upishi uliozoeleka unamimina yote mawili kwenye mchele tangu mwanzo. Yakichemka pamoja robo saa nzima, harufu nzuri ya nazi mbichi inapanda na mvuke, na kinachobaki zaidi ni mafuta. Upishi mwepesi unapika mchele kwa tui la pili peke yake pamoja na chumvi, na ukipenda punje mbili za iliki. Maji yakikaribia kukauka, chukua tui zito vijiko vinne tu kwa nusu kilo ya mchele, nyunyizia juu, geuza wali mara moja kwa mwiko, funika, palia makaa juu au punguza gesi mpaka mwisho. Tui lililoingia mwishoni halijachemka sana, kwa hiyo harufu yake unaipata yote sahani inapofunguliwa. Kwa pua, wali huu unashinda ule wa tui lote. Kwa ulimi, hauna ule utelezi wa kunata midomoni, na mwenye kuupenda utelezi ule atautafuta.

Tui lililobaki ligandishe kwenye vile vikombe vya barafu. Kipande kimoja kinatosha mchicha wa watu wawili, viwili vinatosha maharage. Hata kwenye mchuzi sheria ni ile ile: tui zito liingie mwisho, likorogwe mfululizo mpaka lipige pigo la kwanza la kuchemka ili lisikatike, kisha epua. Anayetumia tui la kopo au la boksi akumbuke kwamba mengi yanalingana na tui zito. Kikombe kimoja cha kopo kwa vikombe viwili vya maji ndiyo tui la pili lake.

Wali wa nazi, kwangu, ndio chakula kinachonufaika zaidi kwenye orodha hii yote. Hakuna sababu ya kuupika kwa namna ya zamani siku za kawaida. Futari ya mwezi wa Ramadhani yenye mihogo ya nazi, magimbi na tambi inaweza kufuata njia hiyo hiyo, na tofauti itaonekana zaidi kwa vile vyungu vyote vitatu vinaliwa usiku mmoja.

Pilau dhidi ya biriani

Watu wanauliza kipi chepesi. Swali linalosaidia zaidi ni kipi kinakubali kupunguzwa, na jibu ni pilau.

Kwenye pilau mafuta yana kazi moja kubwa: kukausha vitunguu mpaka viwe kahawia, maana rangi na utamu wa pilau vinatoka hapo. Kwa kilo ya mchele wengi humimina nusu kikombe au zaidi, ambayo ni kama kilokalori 1,000. Vijiko vinne vinatosha ukiwa na subira. Tia vitunguu na chumvi kidogo, funika mpaka vitoe maji yake, funua yakauke. Vikianza kushika chini, nyunyiza supu kidogo, kwangua lile kahawia la chini, acha ikauke tena. Rudia mpaka rangi iwe ya karafuu. Inachukua dakika 20 au zaidi, na huwezi kuondoka jikoni. Ndipo uingize tangawizi, saumu, bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga: yale mafuta vijiko vinne yanatosha kabisa kubeba harufu zote hizo. Nyama ichemshwe jana yake, supu ilale kwenye friji, asubuhi mafuta yameganda juu kama bamba. Yaondoe kwa kijiko.

Biriani ni jambo jingine. Vitunguu vya biriani vinakaangwa mafutani mpaka vikauke, kisha vinapondwa ndani ya masala na ndivyo vinavyoipa uzito. Viazi vinakaangwa. Wali unamwagiwa samli. Unaweza kuchemsha viazi kwa manjano, unaweza kuacha samli, lakini ukigusa vitunguu unapata mchuzi wa nyanya na mtindi. Iache biriani kwa Idi na harusi, ipikwe inavyotakiwa, na pilau iwe ya Jumapili. Biriani ina fadhila moja: wali na masala viko mbalimbali, kwa hiyo mtu anayejihesabia anaweza kupakua wali kidogo na nyama zaidi.

Tahadhari moja inayohusu vyungu vyote. Mafuta yakipungua, mkono unakimbilia chumvi na vile vidonge vya mchuzi, ambavyo navyo vimejaa chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ndimu, ukwaju, pilipili na saumu vinafanya kazi ile ile bila deni hilo.

Kuku

Hapa sina maneno mengi. Sehemu kubwa ya mafuta ya kuku wa kisasa iko kwenye ngozi na chini yake. Kuku aliyelala kwenye mtindi, ndimu, tangawizi na saumu, akachomwa, ni mtamu kuliko wa kukaanga, na wa kupaka wa Mombasa, yule anayechomwa kisha akapakwa tui lililokolezwa viungo, ni mtamu kuliko wote wawili kwa vijiko vichache tu vya tui. Wa kienyeji ana mafuta machache tayari. Mchemshe kwanza alainike, halafu umchome.

Sambusa na maandazi

Vyote vinaingia kwenye karai, lakini havifanani hata kidogo.

Sambusa inakubali kuokwa. Manda ni nyembamba, inakauka yenyewe kwenye joto, na kilichomo ndani kimeshaiva. Kaanga nyama ya kusaga isiyo na mafuta mpaka ikauke, changanya kitunguu, kotmiri na pilipili, funga, paka mafuta kwa brashi pande zote, oka nyuzi joto 200 kwa dakika 15 hadi 20 ukigeuza. Inalia kama ya karai. Ubaya wake ni kwamba ikipoa manda inakuwa ngumu, si laini, hivyo pika zile zitakazoliwa muda ule ule na zilizobaki zigandishe mbichi.

Andazi ukilioka unapata skonzi yenye iliki. Ni mkate mzuri, lakini hautajibu hamu ya andazi, kwa sababu ule uwazi wa katikati na ngozi laini ya kahawia ni kazi ya mafuta ya moto. Kama ni mahamri na mbaazi za nazi asubuhi ya mapumziko, kaanga mahamri kwa mafuta mapya yaliyopata moto vizuri ili yasinyonywe sana, mahamri yachujwe kwenye karatasi, na wepesi uutafute kwenye mbaazi kwa njia ya tui la pili. Anayetaka kitafunwa cha kila siku ahamie vitumbua: unga wa mchele, tui jepesi, hamira, iliki, na nusu kijiko cha chai cha mafuta kwenye kila shimo la chuma. Sukari pia inapungua kirahisi kwenye vitumbua kuliko kwenye andazi, maana mchele na nazi vina utamu wao.

Chombo gani ununue

Kikaango cha hewa kinasifiwa sana siku hizi. Kwa chipsi, sambusa na mapaja ya kuku kinafanya vizuri, chipsi zinaiva dakika 18 hadi 20 kwa nyuzi 200. Ila ni kidogo: familia ya watu sita itakula kwa zamu, na umeme ukikatika umekwama. Oveni ya gesi au ya umeme inachukua sinia zima, inameza nishati zaidi, na inakuokea na mikate. Asiye na hivyo vyote asijione amebaki nyuma. Sufuria nzito yenye mfuniko bapa, makaa machache chini na mengi juu, ndiyo oveni iliyopika mkate wa kumimina miaka yote. Viazi na kuku vinaiva humo vizuri kabisa, mradi makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini.

Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, nunua kikaango kisichoshika chenye kitako kizito na mfuniko wake, na brashi ya kupakia mafuta. Vitakuhudumia kwenye chapati, mayai, chapati za maji na vitunguu vya pilau, yaani vyakula vya karibu kila siku. Kisha weka kijiko cha kupimia kando ya chupa ya mafuta, na usiimimine chupa moja kwa moja sufuriani.